Mikono ya Wapima Anga

Mkulima wa Hirbadaw akiutazama Mlima Hanang mwezi wa Novemba huwa na swali moja: wingu lile lililoketi kileleni litashuka uwandani, au litaimaliza mvua yake hukohuko juu? Swali hilo limeulizwa katika nchi ya Wairaqw na Wabarbaig tangu zama ambazo hakuna aliyeziandika. Ziko koo zinazoheshimiwa kwa kuomba mvua, wapo wazee wanaousoma upepo, na wapo wachungaji wanaojua mti fulani ukichanua kabla ya wakati wake umebeba habari gani. Wanasayansi wetu wenyewe wameyaheshimu maarifa hayo. Ladislaus Chang'a, ambaye amekuwa akiiongoza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), na ambaye Julai 2023 alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, mwaka 2010 alichapisha pamoja na Pius Yanda na James Ngana utafiti kuhusu namna wakulima wa Nyanda za Juu Kusini Magharibi wanavyoubashiri msimu kwa kutazama mimea, ndege na wadudu.

Mtu ninayetaka kumsifu hapa, hata hivyo, ni yule anayekuja baada ya wingu. Ndiye anayesema, mvua ikishanyesha, imenyesha kiasi gani. Ndiye anayejua hewa ya jana ilikuwa na joto gani na unyevu gani, na huko juu ambako jicho halifiki ilikuwa imebeba nini. Vitabu vya sayansi humtaja mtafiti aliyechora grafu. Aliyezipata namba zenyewe hatajwi, ilhali kazi yake ni ufundi kamili, wenye miiko yake na adabu zake, na wenye mkono ambao haupatikani kwa mwezi mmoja.

Tuanze na kipimamvua, maana ndicho chombo ambacho watu wengi wamewahi kukiona uani mwa ofisi ya kilimo au shule bila kukijali. Katika nchi zilizorithi utaratibu wa Waingereza, kipimamvua cha kawaida ni mtungi wa shaba wenye mdomo wa mviringo, upana wake inchi 5, yaani milimita 127. Ndani yake mna faneli, na chini ya faneli mna chupa. Ukingo wa mdomo umenolewa ili tone linaloangukia hapo likatike, nusu iingie na nusu ibaki nje, pasipo upendeleo. Shingo ya faneli ni nyembamba ili maji yaliyoingia yasirudi hewani kwa jua la asubuhi. Ukipiga hesabu ya eneo la mdomo huo utapata sentimita za mraba 126 na ushee. Kwa hiyo mvua ya milimita 1 huingiza chupani mililita zipatazo 12.7, ambazo ni vijiko viwili na nusu vya chai.

Tafakari udogo huo. Kutokana na vijiko viwili na nusu ndipo tunapotamka kwamba kata nzima imepata milimita moja, na milimita moja hiyo, ikitandazwa juu ya ekari moja ya mahindi, ni zaidi ya lita 4,000 za maji. Kila tone analolimwaga mpimaji kwa haraka ni ndoo nyingi zilizopotea shambani kwa mtu. Ndiyo maana mpimaji mzuri hana haraka. Saa tatu asubuhi hufika kwenye kipimamvua, mvua iwe imenyesha au haikunyesha. Hukitazama kwanza kimesimama wima kama kilivyoachwa, ng'ombe hajakisukuma, jani halijaziba faneli. Humimina maji ya chupa kwenye bilauri nyembamba ya kupimia, huiweka mahali palipo sawa, kisha huinama mpaka jicho liwe sambamba na uso wa maji. Maji ndani ya kioo hupanda kidogo pembeni na kubonyea katikati, na namba ya kweli ni ya pale palipobonyea. Anayesoma akiwa amesimama, kwa jicho la juu, atakuwa na mvua yake mwenyewe ambayo haikunyesha popote. Akishasoma huandika, kisha husoma tena kabla ya kumwaga. Na anachokiandika hukiweka kwenye tarehe ya jana, kwa kuwa sehemu kubwa ya saa 24 zilizopita ni ya jana.

Kuna usiku mvua inapokuwa kubwa hadi chupa ikajaa na maji yakafurikia kwenye mtungi wa nje. Mpimaji asiyefundishwa huona chupa imejaa, akaandika ujazo wa chupa, akaenda zake. Aliyefundishwa huinua chupa taratibu, akayapima na yale ya mtungini, kidogo kidogo, akajumlisha. Siku kama hizo ndizo ambazo mhandisi wa madaraja na mtafiti wa mafuriko watazitafuta miaka 40 baadaye, na zote zimo mikononi mwa mtu mmoja aliyelowa viatu.

Lakini heshima yangu kubwa zaidi naiweka kwenye siku kavu. Kuanzia Juni hadi Septemba, uwanda wa Hanang hukaa wiki kwa wiki bila tone. Mpimaji huenda saa tatu asubuhi, huitoa chupa, huikuta kavu kama alivyoiacha, naye huandika 0.0. Kesho yake vivyo hivyo. Sifuri iliyoandikwa maana yake ni kwamba mtu alikuja, akatazama, hapakuwa na kitu. Nafasi tupu maana yake hatujui. Mtafiti wa ukame hawezi kuitumia nafasi tupu kwa lolote, wala hawezi kuikisia, na kitabu chenye nafasi tupu nyingi hutupwa kando hata kama miezi yake ya masika imeandikwa vizuri. Kumbukumbu ya mvua ya miaka 50 kwa sehemu kubwa ni kumbukumbu ya sifuri, na hakuna aliyewahi kupongezwa kwa kuandika sifuri.

Kandokando ya kipimamvua, katika kituo kilichokamilika, husimama kisanduku cheupe cha mbao chenye kuta za vipande vilivyoinamishwa, hewa ipite na jua lisipite. Kilibuniwa na mhandisi wa Uskoti, Thomas Stevenson. Ndani yake vipimajoto husomwa kwa namna inayonifurahisha kila ninapoifikiria: msomaji husoma kwanza sehemu za kumi, kisha ndipo asome nyuzi kamili. Sababu yake ni kwamba akifungua mlango tu, joto la mwili wake na pumzi yake huanza kuipandisha zebaki au spiriti, na kinachobadilika kwanza ni ile sehemu ya kumi. Anajiona yeye mwenyewe kuwa sehemu ya kosa, na anafanya haraka kujiondoa. Kwingineko kiwanjani hukaa tufe la kioo lenye upana wa karibu sentimita 10, kazi ya John Francis Campbell wa mwaka 1853 iliyoboreshwa na George Gabriel Stokes mwaka 1879. Jua likiwaka, tufe hukusanya miale na kuunguza mstari kwenye kadi iliyowekwa nyuma yake. Wingu likipita, mstari hukatika. Jioni mpimaji hutoa kadi na kupima urefu wa palipoungua, na huo ndio muda wa jua wa siku ile. Mawingu yenyewe huyapima kwa macho, akiigawa mbingu yote sehemu nane na kujiuliza ni ngapi zimefunikwa. Kwa mgeni hilo ni kukisia. Kwa aliyefanya kazi hiyo miaka mingi ni kipimo.

Utaratibu huu una historia ndefu kwetu. Wajerumani walipima katika vituo vyao na kwenye misheni tangu mwishoni mwa karne ya 19. Waingereza waliunda idara moja ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki mwaka 1929, makao yake Nairobi, mkuu wake wa kwanza akiwa Albert Walter, aliyetokea Mauritius. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilichukua vituo vyake. Tanzania ilikuwa na idara, mwaka 1999 ikawa wakala, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa mamlaka. Wapimaji hufundishwa katika Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa, Kigoma. Serikali zilibadilika, bendera zikabadilika, inchi zikawa milimita, na saa tatu asubuhi ikabaki saa tatu asubuhi.

Kilele cha ufundi huu katika Afrika Mashariki, kwa maoni yangu, kiko Dagoretti jijini Nairobi, kwenye makao ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Tangu mwaka 1996, kwa ushirikiano na taasisi ya hali ya hewa ya Uswisi, MeteoSwiss, mafundi wa pale wamekuwa wakirusha kila wiki puto lililobeba kipimaozoni. Kumbukumbu zao zimeingia katika mtandao uitwao SHADOZ, ulioanzishwa mwaka 1998 chini ya Anne Thompson wa NASA ili kuviunganisha vituo vya ukanda wa joto: Samoa huko Pasifiki, kisiwa cha Ascension katika Atlantiki, Natal ya Brazili, Réunion na vingine. Kabla ya hapo wanasayansi waliyajua mengi kuhusu ozoni ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na machache mno kuhusu ozoni iliyo juu ya vichwa vyetu.

Ozoni ni oksijeni yenye atomi tatu badala ya mbili. Ikiwa juu, kilomita 20 hadi 30, hutukinga na miale ya jua inayochoma ngozi na macho. Ikiwa chini, karibu nasi, ni sumu kwa mapafu na hudhoofisha mazao. Puto la Dagoretti hupita kote kuwili kwa safari moja.

Chombo chenyewe ni kidogo, hukaa ndani ya boksi jeupe la foma linalobebeka kwa mkono mmoja. Kina vyumba viwili vya maji yaliyochanganywa na potasiamu ayodaidi. Maji ya chumba kimoja ni dhaifu, ya kingine yamekolea hadi chumvi imekataa kuyeyuka, na kati yao pana daraja dogo linalopitisha chaji. Pampu ndogo ya Tefloni huvuta hewa ya nje na kuipuliza ndani ya maji dhaifu. Ozoni iliyomo kwenye hewa hiyo huigeuza ayodaidi kuwa ayodini, na kwa kila molekuli moja ya ozoni, elektroni mbili hupita kwenye waya. Umeme huo hupimwa kwa sehemu ya milioni ya ampea. Fundi anahesabu molekuli za mbinguni kwa kuhesabu elektroni.

Uzuri wa jambo hili ndio ugumu wake. Mkondo ukiwa mdogo kiasi hicho, uchafu kidogo tu huzungumza kwa sauti kubwa kuliko ozoni. Kwa hiyo kazi huanza siku kadhaa kabla ya puto kupaa. Pampu na mirija hupitishiwa ozoni nyingi kwa muda mrefu, ili chochote kilichong'ang'ania ndani ambacho kingeila ozoni kiishe njaa yake kabla ya safari. Maji hupimwa kwa bomba la sindano, chumba kwa chumba, kwa kiasi kilekile kila mara. Vidole havigusi mahali pa kupitia hewa. Mama wa Kibarbaig anayesafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, akinusa na kurudia mpaka pasiwe na harufu ya jana, angeielewa kazi hii bila kuelezwa.

Kisha hupimwa pampu. Kila pampu ina mwendo wake, na asiyejua imevuta hewa kiasi gani hawezi kujua ozoni aliyoipata ni ya hewa ngapi. Njia inayotumika ni ya kale na ni nzuri: povu la sabuni huwekwa ndani ya mrija wa kioo wenye alama, pampu hulisukuma, na fundi huhesabu kwa saa ya kusimamisha muda ambao utando wa povu unachukua kupita mililita 100. Ni karibu nusu dakika. Hurudia, hurudia tena, huchukua wastani, kisha hurekebisha kwa sababu povu lenyewe limeinyunyizia hewa unyevu. Baadaye huilisha seli, yaani vile vyumba viwili vya maji, hewa isiyo na ozoni kabisa na kutazama mkondo unaobaki, kwa kuwa haifiki sifuri kamili. Kiasi hicho kilichobaki huandikwa, maana ni lazima kitolewe kwenye kila kipimo cha baadaye. Huilisha ozoni, huikata ghafla, na kuhesabu sekunde ambazo seli inachukua kutulia. Yote hayo huingia kwenye fomu: namba ya chombo, ukolezi wa maji, muda wa povu, mkondo uliobaki, joto la chumba, tarehe.

Siku ya kurusha, puto hujazwa gesi kwa utulivu, mpira wake mwembamba ukishikwa kwa uangalifu, kwa kuwa mkwaruzo usioonekana chini utapasuka juu kabla ya wakati. Likiachiwa hupanda kama mita 5 kwa sekunde. Kwenye kilomita 16 au 17, juu ya ikweta, joto hushuka hadi karibu nyuzi 80 chini ya sifuri. Wengi hushangaa kusikia kwamba baridi ya namna hiyo iko juu ya mashamba ya chai na kahawa. Kuanzia hapo joto huanza kupanda tena, ozoni huongezeka, na kwenye kilomita 25 na ushee hufika kilele. Kwenye kilomita 30 kanieneo ya hewa ni karibu sehemu moja kwa mia ya ile ya usawa wa bahari, pampu huanza kuchoka kwa kukosa cha kuvuta, na uchovu huo nao una jedwali lake la marekebisho. Puto limevimba mara nyingi kuliko lilivyoondoka. Hupasuka. Boksi hushuka kwa mwavuli wake, likaangukia kwenye shamba la mtu au msituni, na kwa kawaida halirudi. Siku zote zile za maandalizi zimezaa mstari mmoja uliojipinda kwenye kioo cha kompyuta. Wiki inayofuata kazi huanza upya na chombo kipya.

Je, mstari mmoja una thamani gani? Peke yake, kidogo. Mistari ya miaka mingi ina thamani kubwa. Mwaka 2021 Thompson na wenzake walichapisha uchambuzi wa mabadiliko ya ozoni katika ukanda wa joto kuanzia 1998 hadi 2019. Walichukua vituo vinane na kuviweka katika makundi matano, vingine wakiviunganisha viwili viwili ili data itoshe. Nairobi ilisimama peke yake. Waliyoyaona ni mabadiliko ambayo kwa jumla ni madogo, yanayotofautiana kwa eneo na kwa msimu, na ongezeko likiegemea zaidi miezi ya mwanzo wa mwaka. Matokeo hayo ndiyo mizani ambayo setilaiti na programu za kutabiri tabianchi hupimwa nayo, kwa sababu setilaiti huitazama anga kutoka nje na hukisia, wakati boksi la foma limepita ndani yake.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu linazidi hata matokeo hayo. Mwaka 2017 na 2018 timu ya SHADOZ ilichapisha marekebisho ya kumbukumbu zake zote, baada ya kugundulika kwamba aina tofauti za vyombo na ukolezi tofauti wa maji vilileta tofauti ndogo za vipimo kati ya kituo na kituo. Marekebisho hayo yaliwezekana kwa sababu fundi wa miaka ya tisini alikuwa ameandika kwenye fomu ukolezi wa maji, namba ya chombo na mkondo uliobaki, mambo ambayo siku ile hayakuwa na kazi yoyote ya kuonekana. Aliandika kwa sababu ndivyo kazi inavyofanywa. Miaka 20 baadaye akawa ameiokoa.

Dunia nzima imewahi kuokolewa kwa njia hiyohiyo. Huko Halley, Antaktika, Waingereza walianza miaka ya 1950 kupima ozoni kwa chombo kiitwacho Dobson, kipimo baada ya kipimo. Mwaka 1985 Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walionyesha kwamba ozoni ya majira ya machipuo kule ilikuwa imeporomoka. Mario Molina na Sherwood Rowland walikuwa wameonya tangu 1974 kwamba gesi za majokofu na makopo ya kupulizia zingeila ozoni, lakini kilichoigeuza dunia ni safu za namba zilizopimwa kwa mkono katika baridi. Mkataba wa Montreal ukasainiwa mwaka 1987. Kama wale wapimaji wa miaka ya mwanzo wangeruka miaka kumi kwa kuona kwamba hakuna kinachobadilika, pasingekuwa na cha kulinganisha.

Siku hizi ufundi huu unaenea kwetu. Mlima Kenya una kituo cha kupima gesi za anga kwenye mita 3,678, kilichofunguliwa mwaka 1999. Rwanda nayo ina kituo juu ya mlima Mugogo, kilichojengwa kwa ushirikiano na chuo cha MIT cha Marekani, ambacho kimeonyesha wazi jinsi moshi wa mioto ya kiangazi, wa karibu na wa mbali, unavyoijaza hewa ya eneo letu masizi. Jimmy Gasore, aliyekuwa mwanasayansi wake mkuu, aliteuliwa kuwa waziri wa miundombinu wa nchi hiyo mwaka 2023. Napenda kuona mtu aliyezoea kusafisha mirija ya kupimia hewa akikaa kwenye baraza la mawaziri.

Turudi Hanang. Agosti 2023 TMA ilitangaza kwamba mvua za vuli zingekuwa juu ya wastani kwa sababu ya El Niño. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliporomoka, na tope, mawe na magogo vikashuka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Serikali ilieleza kwamba miamba dhaifu ya mlimani ilikuwa imenyonya maji mpaka ikaachia. Utabiri wa msimu ulikuwa sahihi, lakini utabiri wa msimu hauwezi kumwambia mtu wa kitongoji kimoja kwamba usiku huu korongo la nyuma ya nyumba yake limeshapokea maji kuliko linavyoweza kubeba. Hilo linahitaji kipimo cha palepale, cha saa ileile.

Wengi hudhani rada ndizo jibu. Tanzania imejenga mtandao wa rada za hali ya hewa, kuanzia Dar es Salaam, kisha Mwanza, na baadaye Mtwara, Mbeya na Kigoma, na katika mpango wa rada saba zimo za Dodoma na Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Nazishangilia. Lakini hesabu ya rada ina mtego wake. Rada hutuma mawimbi na kupokea yanayorudishwa na matone, na nguvu inayorudi hutegemea upana wa tone ukizidishwa kwa wenyewe mara sita. Tone lenye upana maradufu lina maji mara 8, lakini hurudisha mwangwi mara 64. Matone machache makubwa yanaweza kuidanganya rada ikadhani ni gharika. Mtego wa pili ni wa umbo la dunia. Katesh iko takriban kilomita 190 kutoka Dodoma na zaidi ya 200 kutoka Kilimanjaro. Mwale wa rada ulioinuliwa nusu digrii tu, ukifika umbali huo, katikati yake huwa umepaa karibu kilomita 4 juu ya rada yenyewe, yaani unapita juu ya kilele cha Hanang. Mvua inayozaliwa chini ya hapo, ile inayosukumwa na upepo kwenye mteremko, rada huiona nusunusu au haiioni kabisa. Anayeirekebisha rada ni kipimamvua kilicho ardhini, na kipimamvua cha kujiendesha chenyewe hurekebishwa na mtu mwenye bilauri mkononi anayejua buibui akitanda ndani ya faneli, mashine itaendelea kutuma namba bila aibu.

Kwa hiyo mlima huu unastahili vipimamvua vingi kuzunguka miguu yake yote, upande wa Katesh na upande wa Hirbadaw, na mtu wa kila kimoja aliyefundishwa na anayelipwa. Shule ya sekondari yenye mwalimu mmoja wa jiografia aliye makini inaweza kulea kituo kama hicho kwa miaka mingi, mradi kipimamvua kisimame mbali na mti na paa, umbali wa angalau mara mbili ya kimo cha mti au paa hilo, na mradi likizo zisiache nafasi tupu.

Na nina ombi moja kwa msomaji. Katika makabati ya shule kongwe, parokia, mabwawa, ofisi za kilimo na mashamba makubwa, kuanzia mashamba ya ngano ya uwanda wa Hanang hadi ya mkonge kule Tanga, kuna daftari za zamani zenye tarehe upande mmoja na namba ndogo upande wa pili, pengine bado kwa inchi. Mchwa anazila, na nyingine zimeishia kufungia vitumbua. Ukiiona moja, usiinakili kwa kuchagua kurasa zinazovutia, wala usiitupe kwa kuwa jalada limetoka. Ipeleke ikiwa nzima kwenye ofisi ya TMA iliyo karibu nawe, pamoja na jina la mahali kipimamvua kiliposimama na, kama bado linajulikana, jina la mtu aliyekuwa akipima.